Siku Sita Nilizozifuta

Jumatatu, 3 Juni

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si baba, si Mwalimu Haapakorva wa fizikia. Nilifuta siku sita.

Naliandika kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, maana nimeshaanza shajara tatu maishani mwangu na zote tatu nilizianza kwa hali ya hewa nikaishia hapo hapo.

Jumamosi nilivishwa kofia nyeupe ya kumaliza shule pamoja na wenzangu thelathini na mmoja. Baba alipanga meza uani, wageni wakaja kula mkate wa samaki na kuniuliza swali moja tu, nitafanya nini sasa, na baba akawa anawajibu kabla sijafungua mdomo. "Huyu anakwenda kuwa mtafiti wa fizikia. Ameshapewa nafasi ya chuo bila mtihani. Mshindi wa nchi nzima, bwana!" Mimi nikatazama viatu vyangu. Watu wakadhani ni haya. Haya ninayo tele, lakini ile haikuwa haya.

Majira yote ya baridi kifaa cha shule kilikaa kwenye dari ya maabara kikihesabu chembe zinazoshuka kutoka angani. Zinapita kwenye paa, zinapita kichwani mwako, zinapita kwenye meza, wala hazikugusi. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwamba hewa ikiwa nzito chembe hupungua, na ikiwa nyepesi huongezeka. Siku mia moja na arobaini, nukta mia moja na arobaini, na zote zilijipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ila sita. Kuanzia tarehe 14 hadi 19 Desemba idadi ilianguka tu, hewa ikiwa nyepesi kabisa, wakati ilitakiwa ipande. Ule mstari nilikuwa naupenda. Siku tatu kabla ya kupeleka kazi kwenye mashindano ya sayansi ya nchi nzima nilizifuta nukta zile sita. Nililifuta na faili la mwanzo, nisije nikashawishika kuzirudisha. Chini ya grafu nikaandika: "Kifaa kilikuwa na hitilafu." Nikashinda.

Hitilafu hiyo sikuwahi kuiona. Sikwenda hata kuangalia.

Ndani ya mlango wa kabati langu nimebandika mpango wa miaka kumi na miwili. Mwaka wa kwanza hadi wa tatu, shahada. Wa nne na wa tano, ya pili. Wa sita hadi wa tisa, udaktari. Halafu miaka mitatu ugenini, kwenye maabara kubwa. Niliuandika nikiwa na miaka kumi na minne na sijabadilisha neno. Zawadi ya mashindano ilikuwa ni mwaka wa kwanza wa mpango huo. Wenzangu walipokuwa wanajaza fomu za kuomba vyuo, mimi sikujaza kokote.

Jumatano, 5 Juni

Mvua. Nimefungasha.

Jumatatu, 10 Juni

Kazi ya majira ya joto nayo ni sehemu ya zawadi. Nimepewa chumba kwenye hosteli ya wanafunzi, na maabara ya chuo iko ghorofa mbili chini ya ardhi, hakuna dirisha.

Nilimwita mkuu wetu Daktari Niinikangas. Akageuka nyuma kana kwamba kuna mtu mwingine ameingia.

"Yuko wapi huyo? Mimi ni Tellervo. Umekunywa kahawa?"

"Sinywi kahawa."

"Utakunywa."

Ana miaka kama sitini, sweta limetoboka kiwikoni, na akikuuliza kitu anasubiri jibu hadi lije. Meza yangu nilionyeshwa na Sohvi, aliye mwaka wa tatu wa udaktari.

"Kwa hiyo wewe ndiye bibi mshindi! Nimeisoma kazi yako. Ule mstari, mama yangu! Mimi na utu uzima huu sijawahi kupata mstari kama ule."

Alikuwa anasifu kwa moyo.

Halafu nikaelezwa kazi. Kundi hili linachunguza dhoruba moja ya jua. Jua likirusha wingu lake kuelekea kwetu, wingu lile huzikinga zile chembe, na idadi yake hupungua siku kadhaa. Wanataka kujua ilipungua kiasi gani kusini, kiasi gani katikati, kiasi gani kaskazini, kwa kutumia vifaa vya shule ishirini na tatu. Lakini hakuna anayeruhusiwa kuona idadi yenyewe. Kila shule, kupanda na kushuka kwa namba zake kumezidishwa kwa namba nyingine ya siri, na siku hazina tarehe, zina namba tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Namba za siri zimo kwenye bahasha, na bahasha anayo Impi, mama anayefanya usafi na kupika kahawa, kwa sababu Impi ndiye peke yake asiyejali jibu litakuwa nini.

Nilimuuliza Tellervo kwa nini wanahangaika hivyo. Ilinichukua dakika kumi kupata ujasiri wa kuuliza.

"Kwa sababu sisi si waongo, binti, lakini tunapenda. Ukishapenda jibu fulani, mkono wako unalifuata bila kukuaga. Basi tunaficha jibu, mkono ukose pa kwenda."

Na tarehe 16 Agosti, kabla Impi hajatoa bahasha, kila mtu atasimama asome kwa sauti kila kipimo alichokitupa na sababu ya kukitupa. Anaanza mdogo kuliko wote, asije akafuata maneno ya wakubwa.

"Mdogo ni nani?" niliuliza.

Sohvi akacheka hadi akashika meza. "Jiangalie, mdogo wangu!"

Kazi yangu mimi, katika kazi zote za dunia, ni kupitia mafaili ya shule na kuamua vipimo vipi vitupwe.

Jumanne, 18 Juni

Shule tatu. Panya mmoja aliyetafuna waya.

Jumatano, 19 Juni

Shule mbili. Hakuna panya. Nimekunywa kahawa.

Jumamosi, 22 Juni

Sikukuu ya katikati ya majira ya joto. Baba alikuja kunichukua, tukaenda kwenye kibanda chetu cha ziwani, tukaoga mvuke wa sauna, tukachoma soseji. Aliniuliza kama wananitendea vizuri. Nikasema wananitendea vizuri mno. Mbu wengi. Alikuwa na furaha hata hakuniuliza zaidi.

Jumanne, 2 Julai

Naandika haya nikiwa bado na viatu miguuni.

Leo nimefikia shule ya kumi na tisa, na shule ya kumi na tisa ni yetu. Niliitambua kabla ya kusoma jina, kwa sababu ina pengo. Siku ya 44 hadi ya 49, tupu. Pembeni, maneno yangu mwenyewe: "Kifaa kilikuwa na hitilafu."

Nikataka kujua shule nyingine zinasemaje siku hizo. Nikafungua ya kwanza. Siku ya 44, imeanguka. Nikafungua ya pili. Imeanguka. Ya tano, ya tisa, ya kumi na nne. Zote kumi na nane nilizokwisha kuzipitia, siku ya 44 zinaanguka, siku ya 49 zinaanza kupanda. Nilikuwa nimezipitia kwa macho yangu wiki tatu nzima, moja moja, bila kuzipanga pamoja. Nikapanga. Ni bonde moja, shule baada ya shule, na kwenye shule yetu bonde limekatwa kwa mkasi.

Dhoruba ya jua waliyojenga kazi nzima kuitafuta ni zile siku sita zangu.

Nilikaa nikitazama skrini mpaka ikazimika yenyewe, nikauona uso wangu. Ndipo nikakumbuka jambo jingine, na hilo ndilo lililonipeleka chooni kutapika. Desemba ile, tulipotoka shule saa tisa, kumeshakuwa giza, mbingu nzima ilikuwa ya kijani na zambarau. Taa za kaskazini tunaziona kila mwaka, lakini zile zilikuwa kubwa mno, watu walisimamisha magari. Baba aliniita uani nikasimama naye nikiwa na kikombe cha maji ya beri mkononi. Nilijua kabisa zinatoka wapi, kwenye dhoruba ya jua. Nimesoma sura hiyo, nimefanya mtihani wake, nimepata alama zote. Nikatazama, nikasema ni nzuri, nikaingia ndani nikakaa mbele ya kompyuta na kushangaa kwa nini kifaa changu kina matatizo.

Sohvi aligonga mlango wa choo. "Uko hai humo? Ni ile kahawa ya Impi?"

Nikasema ndiyo, ni kahawa.

Jumatano, 3 Julai

Nimeandika kwenye orodha rasmi, mstari wa shule ya kumi na tisa: siku sita, kifaa, hitilafu. Mara ya pili sasa. Mara hii nilikuwa najua.

Alhamisi, 11 Julai

Mvua siku ya nne. Chini ya ardhi hatuisikii, tunaiona kwenye viatu vya watu.

Tellervo alisimama nyuma ya kiti changu akanyoosha kidole kwenye lile pengo. "Hapa ndipo panaponiuma. Hii ndiyo shule ya kaskazini kuliko zote. Bila hii, mchoro wetu hauna kichwa." Halafu akasema, "Ni shule yako. Kifaa kilipatwa na nini hasa? Wakati mwingine namba huwa ni nzima, ila mtu ameogopa tu. Mpigie mwalimu wako."

"Nitampigia."

"Leo?"

"Kesho."

Sohvi akadakia kutoka mezani kwake, mdomo umejaa mkate wa mdalasini: "Mwambie mwalimu wako akizipata namba hizo nitampa mtoto wangu wa kwanza jina lake. Sura nzima ya udaktari wangu inaitwa Kaskazini, na ndani yake hakuna kitu!"

Wote wakacheka. Mimi nilicheka pia. Nimejisikia nikicheka.

Alhamisi, 18 Julai

Sijapiga. Nimesema mwalimu hapatikani.

Jumatatu, 22 Julai

Nimepiga. Naandika yote kama yalivyosemwa, kwa sababu bado siamini.

"Haapakorva."

"Mwalimu, ni mimi, Saimi."

"Oho! Profesa wetu! Vipi huko, mbu wana elimu kuliko wa kwetu?" Nilisikia injini ya mashua nyuma yake. Amestaafu mwezi uliopita, anashinda ziwani.

"Mwalimu, kile kifaa. Desemba. Kiliharibika?"

Injini ikazimwa. "Nani anauliza?"

"Maabara."

"Waambie kiliharibika."

"Lakini kiliharibika?"

Maji yalikuwa yanapiga ubao wa mashua.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nakisoma kila asubuhi saa mbili kasorobo, kabla ya kengele, kikombe changu mkononi. Naandika kwa kalamu kwenye daftari la mistari. Ni mazoea yangu ya zamani, siamini kompyuta. Hakikukosa hata siku moja."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua siku uliyoniletea grafu. Nukta mia moja thelathini na nne. Kuhesabu najua."

Huyu ni mtu aliyewahi kunirudishia karatasi ya mtihani kwa sababu nilifupisha desimali za namba kabla ya wakati wake. Aliyetuambia darasani kwamba asiye na subira ya kupima akafanye siasa.

"Mbona hukusema, Mwalimu?"

"Miaka thelathini na minane nimefundisha shule ile, Saimi. Hakuna aliyewahi kutuletea kitu ila vikombe vya mbio za theluji. Nikakutazama, nikasema, huyu akikosa hapa, na ule woga wake, atapotelea kwenye kaunta ya duka na kusema fizikia ilikuwa ya utotoni. Nikanyamaza. Siku sita tu. Nani hajawahi?"

"Wewe umewahi?"

"Sikiliza. Daftari ninalo. Nitalituma kwa posta kesho. Waambie faili lenu liliungua, mwalimu wako mzee amekuta nakala darini. Ni kweli tupu, namba ni za kweli, kila mtu atafurahi. Wewe unabaki na nafasi yako, mimi nabaki na jina langu. Nani ataumia?"

Nimekaa kitandani tangu hapo. Nilimwogopa mtu huyu miaka mitatu kwa sababu nilidhani anaona kila kosa. Kumbe alikuwa analiona kweli.

Ijumaa, 26 Julai

Daftari limefika. Mwandiko wake mdogo, mviringo wa kikombe cha kahawa juu ya tarehe 16 Desemba. Nimekokotoa idadi ilipungua kiasi gani. Siandiki hapa nilichopata, bado.

Jumapili, 28 Julai

Jua. Nimechuma beri peke yangu msituni. Ndoo mbili. Sikumbuki kuzichuma.

Jumatano, 7 Agosti

Sohvi aliuona mpango wangu wa miaka kumi na miwili, nimeunakili nyuma ya daftari la kazi. Nilifikiri atacheka, na kweli alicheka.

"Mwaka wa kumi hadi wa kumi na mbili, ugenini. Umesahau kuandika lini utalia."

"Wewe ulilia lini?"

"Mwaka huu? Februari, Machi, na juzi." Alifunga daftari, akanirudishia taratibu. "Saimi, mwezi Desemba mkataba wangu unakwisha. Nikiwa na kaskazini naandika sura yangu, namaliza. Nikikosa, sijui. Mwalimu wako amepatikana?"

Daftari la Mwalimu lilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiti alichokalia.

"Bado," nikasema.

Kwa nini nilisema bado? Nilikuwa na maneno ya Mwalimu tayari mdomoni, faili limeungua, nakala imepatikana. Ningemfurahisha pale pale. Nadhani ni kwa sababu alikuwa ameniambia kweli muda huo huo, na kinywa changu kilikataa.

Jumatano, 14 Agosti

Sijala.

Ijumaa, 16 Agosti

Tulikuwa saba chumbani, na Impi wa nane, ameketi karibu na mlango na aproni yake, bahasha kwenye mfuko wa aproni. Mezani kulikuwa na keki ya beri na vikombe. Jioni wanakwenda sauna, ndiyo desturi, jibu liwe zuri au baya.

Tellervo akasema, "Mdogo aanze."

Nikasimama. Karatasi tisa. Vipimo mia mbili na kumi na viwili. Nilianza kusoma na sauti yangu ilikuwa ndogo, mzee mmoja akaweka mkono sikioni, nikaanza upya. Shule ya kwanza, siku ya 12, umeme ulikatika. Shule ya pili, siku ya 30, mwanafunzi alitundika koti juu ya kifaa. Shule ya nne, panya. Walicheka kwenye panya. Shule ya saba, kifaa kilihamishwa kupisha mti wa Krismasi. Wakacheka tena. Niliona mstari wa shule ya kumi na tisa unakuja kutoka mbali, ukurasa wa saba, katikati.

"Shule ya kumi na tisa," nikasoma. "Siku ya 44 hadi ya 49." Hapo karatasi ilisema kifaa, hitilafu. Nikaiweka chini. "Nilizifuta mimi. Sababu ni kwamba ziliharibu mstari wangu. Kifaa kilikuwa kizima. Nilipokuja hapa niliandika tena kuwa ni hitilafu, na mara hiyo nilikuwa najua. Namba za kweli ziko kwenye daftari hili. Ninalo tangu tarehe 26 Julai."

Nikaweka daftari mezani, kando ya keki.

Jokofu la kwenye korido lilianza kunguruma na Impi akaruka kidogo.

"Saimi, acha mzaha," alisema Sohvi. Alikuwa bado anatabasamu, tabasamu limekwama. Halafu likatoka. "Tangu Julai? Nilikuuliza! Nilikuwa nimekaa hapo hapo nikakuuliza!"

"Najua."

"Unajua! Hata aibu—"

"Sohvi," Tellervo alisema. Halafu akanigeukia. Nilitegemea anifukuze. "Orodha haijaisha. Endelea kusoma."

Na mimi nikaendelea. Hilo lilikuwa gumu kuliko kukiri. Shule ya ishirini, siku ya 3, umeme. Shule ya ishirini na moja, hakuna. Shule ya ishirini na mbili, siku ya 90, maji yalivuja kutoka paani. Hadi mwisho. Wakafuata wengine, kila mtu na orodha yake, na hakuna aliyecheka tena.

Walipomaliza, mzee yule wa mkono sikioni alisema, "Basi namba zimepatikana. Tuziingize, tuna kaskazini."

"Hatuna," alisema Tellervo. Alikuwa hajaligusa daftari. Alivuta kitambaa cha meza akalifunika. "Hizi namba ziko uchi. Hazikuzidishwa na namba ya siri. Na mtu aliyezileta amekwisha kuona bonde la shule nyingine. Angeweza kuzileta zikifaa na kuziacha zisipofaa. Hata kama hakufanya hivyo, sisi hatuwezi kujua, na yeye mwenyewe hawezi kujua."

"Tellervo, ni za kweli!" Sohvi alisimama. "Ni mwandiko wa mwalimu wake!"

"Zinaweza kuwa za kweli. Kaskazini inaondolewa."

Sohvi alitoka chumbani. Mlango hakuubamiza, aliufunga polepole.

Sikuwahi kuwaza hilo. Usiku na mchana nimewaza nitapoteza nini mimi, na Mwalimu atapoteza nini. Nilidhani nikisema kweli, angalau namba zitarudi mahali pake. Kumbe nimechelewa. Nilikuwa na kitu cha kweli mkononi, na kwa kukishika vibaya nimekifanya kisifae.

Impi alitoa bahasha. Wakafungua, wakaingiza namba za siri, mchoro ukaonekana ukutani, safi, kutoka kusini hadi katikati ya nchi, kisha mstari wa vitone kuelekea juu, mahali ambapo hesabu zinasema kaskazini ingekuwa. Huko ingepungua kwa asilimia sita na kidogo. Walipongezana kwa kushikana mikono. Mimi niliosha vikombe na Impi. Alisema, "Nimefanya kazi hapa miaka ishirini na saba, binti yangu. Orodha zao zote nimezisikia. Hii ndiyo ya kwanza niliyoielewa."

Jumamosi, 17 Agosti

Nimewaandikia waandaaji wa mashindano. Barua ya mistari minane. Jina la Mwalimu sikulitia. Nimempigia kumwambia nimekiri, akasema, "Basi na mimi nitaandika yangu." Sauti yake ilikuwa ya mzee. Sikuwahi kumsikia akiwa mzee.

Jumanne, 20 Agosti

Baba amekuja na lori lake la kazi, magogo yakiwa juu, hadi uani mwa chuo. Nilimweleza tukiwa ndani ya lori. Alizima redio.

"Nimewaambia watu wote pale kwetu," alisema. "Dukani. Posta. Hata yule fundi wa matairi."

"Najua, baba."

"Mshindi wa nchi nzima, nikasema."

"Najua."

Alisugua usukani kwa gumba. "Basi nitawaambia tena. Nitaanza na fundi wa matairi, yeye ndiye mbaya zaidi." Halafu akauliza, na nilishtuka kwa sababu hajawahi kuniuliza: "Na hizo chembe zenyewe, zinafanya nini hasa?"

Nikamweleza. Tulikaa saa nzima.

Jumatatu, 26 Agosti

Jibu la mashindano. Tuzo imefutwa, nafasi ya chuo imefutwa. Mistari minne, ya heshima. Nilitegemea, na bado nililisoma mara tatu, nimekaa kwenye ngazi. Mtihani wa kuingia ni Mei. Nimechana mpango wa miaka kumi na miwili. Mpya una mstari mmoja: mtihani, Mei.

Ijumaa, 30 Agosti

Siku ya mwisho. Sohvi ameongezewa mkataba hadi majira ya joto yajayo, sura ya Kaskazini itabidi isubiri. Hanisemeshi. Leo alipita mezani kwangu, akaweka kitabu cha mazoezi ya mtihani wa kuingia, kimechakaa, kina jina lake ndani kwa mwandiko wa ujana, akaenda zake bila neno. Sijui maana yake. Sitaki kujifanya najua.

Tellervo aliniita. "Ukiomba chuo, usiniandike kama mdhamini wako. Sitakusema vibaya, lakini sitakusemea."

"Sawa."

"Mtihani hauulizi jina." Alitoa daftari la Mwalimu, limefungwa kwenye bahasha ya kahawia, gundi na sahihi tatu juu yake. "Kuna kifaa kingine ng'ambo ya mpaka, kaskazini zaidi ya chenu. Mafaili yake hayajaguswa. Msimu ujao watu wengine, si sisi, watayapitia wakiwa wamefumbwa macho. Wakimaliza ndipo hii ifunguliwe, vilingane au visilingane." Akanitazama, akisubiri kama kawaida yake. "Umekwisha kukokotoa?"

"Ndiyo."

"Na mchoro wetu umeuona ukutani. Kwa hiyo wewe peke yako duniani unajua nukta ile inakaa wapi. Usiniambie. Usimwambie Sohvi hata akikupigia magoti. Mtu yeyote anayefanya kazi hii akisikia, mkono wake utaifuata."

Nikaahidi.

Lakini wewe unayesoma hufanyi kazi hii, na mimi siwezi kuibeba peke yangu hadi msimu ujao. Haikai kwenye mstari wa vitone. Hesabu zinasema asilimia sita na kidogo. Siku sita za Mwalimu, kwa kalamu yake, zinasema tisa nukta mbili. Nimerudia mara kumi na moja. Labda kifaa kilikuwa na hitilafu kweli, na mimi nilisema uongo uliokuwa kweli bila kujua. Au labda huko kwetu, juu ya paa la shule, kulitokea jambo ambalo hakuna hesabu inayolijua bado.

Sijui. Nimetaka sana kujua, hata kichwa kinauma, na namba hiyo sitaigusa.

Basi nakuomba, tisa nukta mbili, usiitaje mbele ya mtu. Kuna mtafiti mmoja nisiyemjua atakayekaa mbele ya mafaili yale majira ya baridi, na anapaswa kushtuka mwenyewe.